Maua makavu ndani ya mshumaa: yakae wapi yasishike moto?

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Isevya, Tabora mjini. Natengeneza mishumaa ya mapambo kwenye glasi. Juu ya nta naweka maua makavu ya bogonvilia, vijiti vya mdalasini na vipande vya chungwa vilivyokaushwa. Wateja wanaipenda sana kwa sendoff na harusi. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja aliuwasha mezani, maua yakashika moto, glasi ikapasuka na kitambaa cha meza kikaungua. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Je, nitumie nta gani, au niyapake maua dawa gani yasishike moto? Na nina oda ya mishumaa 30 ya harusi mwezi ujao. Niikubali au niikatae?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kweli mshukuru Mungu, maana tukio lile lingetokea chumbani, karibu na chandarua au pazia, leo tungekuwa na habari nyingine kabisa. Kabla sijajibu, nina ombi. Mishumaa ya aina hiyo iliyobaki nyumbani isiuzwe. Na wale uliokwisha kuwauzia, wapigie simu leo hii uwaambie wasiiwashe, waiache kama pambo mpaka utakapowabadilishia. Nta haitapotea. Simamisha glasi kwenye maji ya vuguvugu, ongeza joto la maji kidogo kidogo mpaka nta ilainike, itoe pamoja na maua yake, iyeyushe upya na kuichuja kwa kitambaa cha pamba. Utaitumia tena.

Sasa swali lako. Hakuna nta itakayozuia maua yasishike moto, na dawa ya kupaka sikushauri hata moja, kwa sababu tatizo halipo kwenye ua wala kwenye nta. Lipo pale ulipoliweka ua. Ua likikaa mahali ambapo nta itayeyuka, litawaka, kama si siku ya kwanza basi mshumaa ukifika katikati. Likikaa mahali ambapo nta haiyeyuki, halina neno. Kazi yote ya mishumaa ya maua ni kulinda umbali huo kati ya ua na moto, na mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Nta ngumu haiwaki yenyewe. Chukua donge la nta ulisogezee njiti ya kiberiti, litayeyuka na kudondoka tu. Ili iwake, lazima kwanza iyeyuke, kisha ipande kwenye kitu chenye nyuzinyuzi, ipate joto hadi igeuke mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, aliwaonyesha vijana wa London jambo hili mwishoni mwa mwaka 1860, nawe unaweza kulifanya jikoni kwako. Acha mshumaa uwake dakika kadhaa, uzime, halafu upesi sogeza njiti inayowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda, sentimita mbili hivi juu ya utambi. Moto utaufuata moshi chini na kuushika utambi bila njiti kuugusa.

Basi lifikirie ua lako la bogonvilia. Ni nyuzinyuzi za mmea, kavu na nyembamba. Likiingia kwenye nta iliyoyeyuka linainyonya kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Ningependa ulishuhudie mwenyewe mara moja, nje, juu ya sahani ya udongo, ukiwa na mfuniko wa sufuria mkononi. Kwanza ua linalowa na kung'aa, rangi inakoza, mishipa yake yote inaonekana. Kisha linabanduka kwenye nta laini na kuanza kuelea, likizunguka polepole ndani ya kile kidimbwi. Ukingo unaoelekea moto unageuka kahawia. Hapo mezani bado hakuna aliyeshtuka, watu wanasifu tu jinsi lilivyopendeza. Likiugusa utambi linashika, na tayari una tambi mbili. Moto wa pili unaongeza joto, kidimbwi kinatanuka, ua la jirani nalo linabanduka. Ndani ya glasi hali ni mbaya zaidi, maana moto ukielea unaegemea ukutani. Glasi inapashwa vikali upande mmoja huku upande wa pili haujapata moto, ndipo inapopasuka na nta ya moto kumwagika.

Kijiti cha mdalasini ni hatari kuliko ua. Ni mti. Kinawaka muda mrefu, na hata ukikipuliza kinaweza kubaki na kaa ndani. Chungwa lililokaushwa lina mafuta kwenye ganda, nayo hushika moto upesi.

Viwango vya usalama wa mishumaa vya Marekani na Ulaya vinataka mwali usizidi milimita 75, na havikubali kitu kingine chochote zaidi ya utambi kishike moto. Kwa hiyo zile picha nyingi unazoziona mtandaoni, glasi imejaa maua mpaka juu, usiziige. Nyingi zimepigwa mshumaa ukiwa haujawashwa, au umewashwa kwa dakika ya picha tu.

Kwenye glasi basi, maua yasiingie kabisa. Yasikae juu, yasikae kando, na yasizikwe chini ukidhani huko moto haufiki. Mshumaa wa glasi ulio sawa huyeyusha nta yake hadi ukutani na kushuka hadi karibu na kitako, kwa hiyo ndani ya glasi hakuna kona iliyo salama. Ukitaka glasi ipendeze kwa zawadi, funga shada dogo la maua kwenye mfuniko kwa utepe. Anayetaka kuwasha ataondoa mfuniko pamoja na shada lake.

Maua yahamie kwenye mshumaa wa kusimama, ule wa nguzo. Huko kuna njia ninayoipenda kuliko zote, ya kutengeneza mshumaa ndani ya mshumaa. Unaanza na kiini cha nta tupu, kipenyo cha sentimita 5, chenye utambi unaotosha kiini hicho na si zaidi. Kipande cha bomba la plastiki la maji la inchi 2 kinafaa kuwa kalibu yake. Kiini kikishakuwa kigumu, kisimamishe katikati ya kalibu kubwa zaidi, ya sentimita 8 au 9, ili pabaki nafasi ya sentimita moja na nusu au mbili kuzunguka pande zote. Maua yanaingia kwenye nafasi hiyo, yakiwa yameegemea ukuta wa nje wa kalibu. Yabandike kwanza kwa tone la nta yasisukumwe kuelekea ndani, halafu mimina nta yenye joto la nyuzi 75 hivi. Ikiwa ya moto sana itakiyeyusha kiini; ikiwa imepoa sana, tabaka mbili hazitashikana na ganda litakuja kubanduka kama la yai. Mshumaa ukiwashwa, moto unashuka katikati kwenye kiini, ganda la nje linabaki limesimama, na mwanga unapita humo ukiyaonyesha maua.

Kama huna kalibu mbili, bandika maua juu ya ngozi ya mshumaa uliokwisha kuganda. Chovya kijiko kwenye maji ya moto, kikaushe vizuri kwa kitambaa, weka ua mahali unapolitaka, kisha pitisha mgongo wa kijiko juu yake polepole. Nta ya chini inalainika na kulimeza ua. Mwishoni chovya mshumaa wote kwenye nta ya moto kwa sekunde mbili tatu, mara moja tu, ili ua lifunikwe na tabaka nyembamba. Ukikosa chombo kirefu cha kuchovyea, paka nta kwa brashi laini. Ua likiachwa wazi linashika vumbi, na ncha iliyosimama nje inaweza kupata moto wa njiti siku mtu anapowasha kwa haraka. Na maua yaishie chini kidogo, sentimita 3 kutoka juu pawe patupu.

Njia ya tatu, ambayo nitairudia kwenye oda yako, ni taa ya nta. Hii ni ganda tupu, halina utambi wala halitakiwi kuwaka. Mwanga unawekwa ndani yake. Jaza nta kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga lisilo na mifereji, ulilolipaka mafuta ya kupikia kidogo ndani. Subiri mpaka kandokando pawe pameganda unene wa sentimita moja, chana utando wa juu kwa kisu, kisha mimina nta ya katikati irudi sufuriani. Likipoa kabisa utalitoa, na hapo utapamba nje kwa kijiko na brashi kama nilivyoeleza. Wapo wanaofundisha kuchovya puto lililojaa maji kwenye nta ili kupata ganda la mviringo. Usifanye. Puto likipasuka ndani ya nta ya moto, maji yanaruka nayo hadi usoni.

Kuhusu nta yenyewe, una bahati ya mahali unapoishi. Nta ya nyuki ya Tabora inatoka kwenye misitu ya miombo, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapo hapo mjini. Ukitaka kujifunza kutambua nta safi, anzia kwa watu wa huko. Inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 65, juu kuliko parafini nyingi za mishumaa, ambazo huanza kulainika mapema zaidi. Kwa ganda la nje sifa hiyo ni ya maana sana: kiini cha parafini kinayeyuka, ganda la nta ya nyuki linabaki limesimama. Ila ina rangi yake ya manjano na haionyeshi kilicho ndani, hivyo ua lazima liwe juu kabisa ya ngozi, vinginevyo litafichika. Parafini inapitisha mwanga zaidi. Kama umezoea kuongeza sterini ili mshumaa uwe mgumu na mweupe, kwenye ganda lenye maua ipunguze au uiache, kwa sababu inatia ukungu.

Ukinunua nta ya nyuki ghafi kutoka kwa warina asali, hakikisha haina maji wala asali iliyobaki. Iyeyushe na maji ya mvua, ichuje, iache igande polepole, kisha kwangua uchafu wa chini ya donge. Irudie mpaka chini pawe safi. Tumia sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida, shaba na ndoo ya bati vinaichafua rangi. Nta yenye maji ndani hutatarika ikipata moto, na utambi wake huzimika zimika.

Utambi uwe wa pamba tupu, na uwe wa kusuka. Ule wa kusuka, aliouanzisha Mfaransa Cambacérès mwaka 1825, hujipinda ukiwaka, ncha ikatoka nje ya mwali na kuungua yenyewe, kwa hiyo haurefuki ovyo. Pamba ya Igunga na Nzega mnayo jirani, lakini uzi wa dukani uujaribu kwanza: choma ncha yake. Pamba inaacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Ikijikunja na kuwa kidonge kigumu, ni nailoni, iache. Kumbuka pia kwamba nta ya nyuki ni nzito kupanda, inataka utambi mnene kuliko wa parafini ya kipenyo hicho hicho. Watu wengi hufanya kila kitu vizuri halafu wanaharibu hapa: wanaweka utambi mnene ili moto uwe mkubwa na wa kupendeza, nao unaula mshumaa hadi kwenye maua.

Maua nayo lazima yawe makavu kabisa. Ua lenye maji linaoza ndani ya nta, linatoa doa la kahawia na wakati mwingine ukungu. Yabane kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, kivulini, na ubadilishe magazeti yakilowa. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, kwenu Tabora yanakauka vizuri. Masika yatakusumbua, bora uwe na akiba. Ua lililo tayari linavunjika ukilikunja. Bogonvilia inatunza rangi vizuri, waridi jekundu hugeuka jeusi jeusi, majani ya kangaga yanalala bapa na kubandika kwa urahisi, na jani changa la mwembe, lile la rangi ya shaba, likibanwa hupendeza kuliko maua mengi ya kununua. Mchaichai na rozela vipo. Karafuu na mdalasini vina unene, vinahitaji ganda la sentimita mbili na visitokeze nje.

Mimea mingine iache shambani. Utomvu wa mnyaa unaumiza macho vibaya, na mnanaha ni sumu. Najua Tabora mtu anaweza kuvutiwa na jani la tumbaku kwa rangi yake nzuri, lakini lile limetunzwa lishike moto na kufuka taratibu, na moshi wake hakuna anayeutaka mezani kwake.

Harufu usiitegemee kutoka kwenye maua. Yakishafungwa ndani ya nta hayanukii. Tumia mafuta yenyewe ya karafuu au mchaichai, yasizidi gramu 60 kwa kilo ya nta. Ukizidisha, nta inatoa jasho la mafuta, na jasho hilo linawaka. Marashi ya kupuliza yana spiriti, hayafai kabisa. Rangi iwe ya mishumaa. Rangi ya chakula haichanganyiki na nta.

Sasa kuyeyusha, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu watu wanaoungua kwenye kazi hii wengi huungua wakati wa kutengeneza. Nta isikae moja kwa moja juu ya moto. Weka sufuria yenye maji jikoni, ndani yake weka chombo chenye nta, kiinue kidogo kwa vijiti au sahani ya bati kisiguse chini. Maji hayawezi kupita joto lake la kuchemka, na kwenu Tabora, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Maana yake nta nayo haiwezi kupita hapo, wakati inahitaji kufika karibu na nyuzi 200 ndipo mvuke wake uweze kulipuka kwa moto. Ulinzi huo unadumu maji yakiwemo tu. Yakikauka, umebaki na nta juu ya moto mtupu, na nta haichemki kama maji ili ikuonye. Dalili pekee utakayoiona ni moshi. Ukiona moshi unatoka kwenye nta, umechelewa kidogo: ondoa moto, acha ipoe, usiongeze chochote.

Jiko la mkaa linafaa mkaa ukishakolea na ndimi za moto zikishatulia. Kuni na mafiga hapana, maana moto unapanda ubavuni hadi mdomo wa chombo. Fanya nje, kivulini, pasipo upepo, watoto wakiwa mbali. Kanga inayoning'inia ifunge vizuri au ivue, vaa nguo ya pamba na viatu vilivyofunika vidole. Pata kipimajoto cha jikoni. Cha hospitali kinaishia nyuzi 42, kitapasuka ndani ya nta. Na usiondoke. Simu ikiita, ipua kwanza.

Ikitokea nta imeshika moto, usimwage maji hata kidogo. Maji yanazama chini ya nta, yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka mara zaidi ya elfu moja, yanairusha nta inayowaka hadi darini. Funika chombo kwa mfuniko au sinia, ondoa moto wa chini ukiweza bila kuungua, usikibebe chombo kwenda nje, na usifunue mpaka kipoe kabisa. Mfuniko uwe umeuandaa kabla hujawasha jiko, pamoja na ndoo ya mchanga mkavu. Moto ukikushinda, toa watu nje, piga 114, Zimamoto. Na nta ikikumwagikia mwilini, peleka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na bangili kabla hapajavimba, usiibandue nta iliyoganda kwenye ngozi, na usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Pakiwa na malengelenge makubwa, au ni usoni, mikononi au ni mtoto, nenda hospitali.

Kabla hujauza muundo wowote mpya, uwashe mwenyewe. Weka kwenye sahani ya udongo, mbali na kitu chochote kinachoungua kwa sentimita 30 au zaidi, kata utambi ubaki milimita 6, uwashe na ukae nao. Kila nusu saa pima upana wa kidimbwi kwa rula. Baada ya saa nne uzime, uache ugande, kesho yake urudie, hadi zibaki sentimita 5 chini. Kidimbwi kikilifikia ua hata mara moja, mshumaa huo umeshindwa. Punguza utambi au nenepesha ganda, uanze tena. Mwali ukitoa moshi mweusi au kuruka ruka, utambi umezidi. Kisha fanya jaribio lingine feni ikiwa imewashwa, kwa sababu Septemba na Oktoba Tabora hakuna anayekaa ukumbini bila feni. Upepo unaulaza mwali upande mmoja, nao unaanza kulila ganda la upande huo, mahali ambapo maua yapo. Utashangaa mshumaa uliofaulu jana ukianguka leo.

Haya yote mteja naye ayajue. Andika karatasi ndogo, uibandike chini ya kila mshumaa: kata utambi milimita 6, usiwake zaidi ya saa nne mfululizo, usiachwe peke yake, usiwekwe karibu na chandarua, pazia au feni, zima zikibaki sentimita 5. Ukitaka kukuza biashara iwe rasmi, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia, na watakuelekeza mambo ya viwango vya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Sasa oda ya harusi. Ikubali, lakini badilisha kitakachotengenezwa, na umweleze mwenye harusi sababu. Kumbi zetu za harusi zimejaa vitambaa vya mapambo kuanzia darini hadi chini, maua ya plastiki mezani, watoto wanakimbia, watu wanainuka kutunza wakiwa na magauni mapana. Meza 30 zenye moto wa wazi ni nyingi mno kwa mtu mmoja kuziangalia. Mtengenezee taa za nta 30 zenye taa ndogo za betri ndani. Hapo unaweza kuweka bogonvilia, kangaga, mdalasini na hata vile vipande vya chungwa kwa wingi unaotaka, kwa sababu hakuna kitakachowaka, na kwa kuwa hazina utambi hakuna mgeni atakayejaribu kuziwasha. Mwanga unaopita kwenye nta ni mzuri, picha zitapendeza.

Taa yenye kipenyo cha sentimita 12, urefu huo huo, na ukuta wa sentimita moja, hubakiza karibu nusu kilo ya nta. Kwa 30 andaa kilo 15, pamoja na nta ya kuzungusha, kwani kila kopo linahitaji kilo moja hivi ili lijae kabla hujaimwaga ya katikati. Ukiwa na makopo matano unaweza kutoa tano asubuhi na tano jioni, hivyo anza wiki mbili kabla ili upambaji usiwe wa mbio. Kama bibi harusi anataka moto halisi, mpe mishumaa miwili ya nguzo kwa ajili ya meza kuu, nta tupu bila ua hata moja, juu ya sahani pana, na mtu mzima aliyetajwa kwa jina wa kuiangalia mpaka izimwe. Ukishapata picha za taa ya kwanza, nitumie nione ukuta umetoka na unene gani kabla hujamwaga hizo 29 nyingine.